Kuagana kwa Sikio

Jumatatu, 7 Septemba

Shule inafunguliwa Jumatatu ijayo! Nimeiandika juu kabisa ili nisije nikajifanya sikusikia.

Mwalimu Mkuu alituita wazazi wa darasa la kwanza kwenye kiwanja cha mpira. Viti vimeachana kama meno ya mtoto anayeng'oa. Huwezi kumnong'oneza jirani hata neno moja. Umbea umeteseka leo!

Mwalimu Mkuu ni mama mfupi mwenye sauti ya kutosha, lakini alikuja na kipaza sauti hivyo hivyo. Akaeleza. Watoto wataingia kwa zamu, nusu asubuhi, nusu mchana. Kila mtoto na barakoa yake. Kunawa, kupimwa joto, kuingia. Hapo nilikuwa natikisa kichwa kama mtu mwenye akili. Halafu akafika kwenye chokaa.

Getini kutachorwa mstari wa chokaa. Mtoto anavuka, mzazi anabaki. Mzazi haingizi hata kidole cha mguu. Na hakuna kukumbatiana pale, maana foleni ikisimama watu wanasongamana, na kusongamana ndiko kunakotafutwa na huu ugonjwa. Badala yake kila familia ichague ishara yake ya kuagana, waifanyie mazoezi nyumbani wiki nzima, ili siku yenyewe mtoto asishtuke.

Mimi nilishtuka palepale kwenye kiti.

Chiriku wangu alisoma wiki chache tu, shule zikafungwa. Tangu hapo hatujaachana hata kwa kwenda dukani. Tumemwita Chiriku kwa sababu akifumbua macho amefumbua na mdomo. Na hawezi kulala bila kushika sikio langu la kushoto. Tangu akinyonya. Baba yake alijaribu kumkopesha la kwake, mtoto akasema lina nywele.

Sisemi asiende. Mimi shule niliiachia njiani na sitaki apite njia yangu. Nataka aende. Ila nataka aende nikiwa naye.

Mwalimu Mkuu akamaliza kwa kusema hofu ya mzazi humwambukiza mtoto haraka kuliko ugonjwa wenyewe, kwa hiyo mwenye hofu aiandike, asimwambie mtoto. Basi naandika. Nimechukua daftari la Chiriku la hesabu ambalo halijafunguliwa, nalificha kwenye droo ya cherehani. Lakini hii si hofu. Hii ni mipango.

Mpango wa kwanza umeshakufa. Mwalimu Mkuu alisema anahitaji mzazi mmoja wa kujitolea asimame getini kila asubuhi, avae kizibao cha manjano, ashike kile kipima joto kinachoelekezwa kwenye paji la uso. Mzazi huyo atasimama NDANI ya mstari! Nikanyoosha mkono mpaka kwapa likalia. Jirani yangu Mama Pacha akanyoosha mikono miwili. Akasema mmoja ni wa pacha huyu, mwingine wa pacha yule.

Akapewa yeye!

Jumanne, 8 Septemba

Nimelala na kizibao cha Mama Pacha kichwani. Nimeamka na jibu.

Mwalimu Mkuu amesema tuchague ishara ya kuagana. Hakusema iwe ndefu kiasi gani! Kumkumbatia mtoto ni kufumba na kufumbua. Ishara nzuri, iliyopangwa, inaweza kuchukua muda wa kuchemsha chai. Yaani tutaagana zaidi kuliko zamani, na hakuna sheria iliyovunjwa. Wakati mwingine nashangaa kwa nini niliacha shule.

Tumeitunga leo, mimi na Chiriku, nikiwa nashona barakoa. Kwanza unagusa sikio la kushoto. Unapiga makofi. Unazunguka. Unapepea mikono kama kuku anayefukuzwa jikoni (hiyo ni yake). Unajikumbatia mwenyewe kwa niaba ya mwenzako (hiyo ni yangu, na karibu nilie nilipoibuni). Unapuliza kama mshumaa. Unainama kama umepewa zawadi. Unamaliza kwa sikio tena.

Tukamwonyesha baba yake aliporudi kutoka kazini. Yeye ni fundi wa friji, mtu wa maneno machache, nadhani ameyazoea baridi. Alitazama yote akiwa amesimama mlangoni na sanduku lake la spana. Akasema ni nzuri sana. Akauliza kama baada ya hapo mtoto atakuwa amebaki na muda wa kusoma. Nikamuuliza ishara yake yeye ni ipi. Akainua nyusi mara moja.

Hiyo ndiyo ishara yake! Nyusi!

Kuhusu barakoa. Nimezishona kwa kitambaa kilichobaki nilipotengeneza mapazia ya sebuleni. Maua ya zambarau. Kitambaa kigumu, hakipitishi hata harufu. Kasoro yake ni moja tu, nikisimama dirishani sionekani mdomo. Baba Chiriku amesema pazia limemsalimia.

Jumatano, 9 Septemba

Leo nyumba yetu ni shule. Shule imesema mazoezi yafanyike nyumbani kila siku, nami nimeyafanya kwa moyo wote.

Ndoo yenye bomba iko mlangoni. Mstari wa chokaa uko kati ya sebule na chumba. Mimi nilikuwa mzazi, Chiriku mwanafunzi, tukaagana kwa ishara yetu asubuhi yote, na kila mara nilipomaliza nilimwambia tumekosea kidogo, turudie. Raha tupu!

Mchana akachoka kuwa mwanafunzi. Akataka kuwa mwalimu. Nikasema haya. Nilikosea.

Mtoto amegeuka askari! Amenirudisha kunawa kwa sababu sikuimba herufi zote mpaka mwisho, ule wimbo wa kupimia muda wa sabuni, niliishia nilipoishia mimi siku zote. Alinikuta nimevuka mstari kwenda kuchukua uzi chumbani kwangu mwenyewe, akanyoosha kidole. "Mzazi! Nyuma ya chokaa!" Nikasema mwanangu, cherehani inanisubiri. Akasema mzazi akizoeshwa vibaya leo, kesho atasumbua.

Sijui maneno hayo ameyatoa wapi. Nadhani kwangu.

Baba yake aliporudi na njaa alizuiwa mlangoni mwake. Akaimba herufi zote, mtu mzima, sabuni ikimtiririka kwenye viwiko. Nilisikia kicheko kutoka juu ya ukuta wa uani. Mama Pacha! Amesimama juu ya ndoo, kavaa kizibao cha manjano kana kwamba nyumbani kwake kuna barabara. Akasema anapita tu. Nani hupita juu ya ukuta?

Na mbaya zaidi, pacha wake wote wawili walikuwa pembeni yake wakituchungulia. Jana vilevile nilisikia vishindo upande ule. Nahisi kuibiwa.

Ijumaa, 11 Septemba

Nimeibiwa!

Leo ilikuwa siku ya majaribio. Familia zote za zamu ya asubuhi tulikwenda getini, tupange foleni, tupimwe, tuagane, watoto waingie, waone darasa, warudi. Mwalimu Mkuu alisema ni kama kuijaribu nguo kabla ya sherehe.

Pacha walikuwa mbele yetu. Mama yao tayari yuko ndani ya mstari na bastola yake ya joto. Wakamuaga. Sikio! Makofi! Kuzunguka! Ishara yetu yote, kuku na mshumaa, halafu wakaongeza na kuruka mwishoni. Tena wako wawili, kwa hiyo ilionekana imepangika kuliko yetu. Watu wakapiga makofi!

Damu ikanichemka. Nikamnong'oneza Chiriku tuongeze kuruka kuwili na kupiga magoti. Chiriku akasema hatujafanyia mazoezi. Nikasema tutajifunzia njiani. Tukaanza. Waliokuwa nyuma yetu, kuona hivyo, nao wakaanza kuongeza vya kwao. Baba mmoja mnene alicheza na binti yake kitu kama ngoma ya harusi. Foleni ikasimama. Foleni ikageuka duara. Duara likageuka msongamano, ule ule tuliokatazwa!

Mwalimu Mkuu akatoka. Hakuhitaji kipaza sauti. Akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu ishara ni moja kwa familia zote. Unainua mkono juu, mara moja, unashusha. Basi.

Kazi ya wiki nzima!

Halafu zamu yangu ya kupimwa. Mama Pacha akanielekezea kile kitu kwenye paji la uso, kikalia. Akatazama. Akarudi nyuma hatua mbili, akasema kwa sauti ya kutosha mtaa mzima kwamba mimi nachemka. Bila shaka nachemka! Nimeruka, nimezunguka, nimevaa pazia usoni, jua la saa nne! Akasema sheria ni sheria, jirani, mimi ningependa nikuache lakini sheria ni sheria. Alikuwa anafurahi mpaka kizibao kikawa kinacheka.

Nikapelekwa kukaa peke yangu kwenye benchi la kivulini mpaka nipoe. Mlinzi wa geti akatumwa anilinde kwa mbali. Huyu mlinzi ni kijana mwenye utani mwingi. Alisema amekuwa akilinda shule isiibiwe, sasa wamemwambia alinde wazazi wasiingie, na kwa aliyoyaona leo anataka aongezewe mshahara.

Lakini ngoja. Benchi lenyewe linatazamana na dirisha la darasa la kwanza! Nilimwona Chiriku wangu dawati la pili, mgongo umenyooka, anaongea. Hata barakoa haijamzuia, maua ya zambarau yalikuwa yanacheza. Nilikaa pale nimetulia kama maji ya mtungini. Muuguzi wa shule alipokuja kunipima tena nilikuwa nimepoa kabisa. Nikamwomba anipime mara ya pili, ili nibaki kidogo.

Siku haikuwa mbaya.

Jumamosi, 12 Septemba

Mkono mmoja juu, basi. Hiyo ni kuagana au kuomba ruhusa ya kwenda chooni?

Nimefikiri nikiwa nakunja nguo. Nimefikiri nikiwa naosha vyombo. Kwenye kikaango ikanijia. Watu wanaweza kukataza ishara. Hakuna wa kumkataza mtu kujikuna sikio!

Nikamwita Chiriku. Nikamwambia getini tutainua mkono kama wote, tusiwaudhi. Lakini darasani, akinikumbuka, aguse sikio lake la kushoto. Polepole tu. Na mimi popote nilipo, la kwangu litawasha, nitajua kwamba ananikumbuka.

Akaligusa la kwake. Akauliza litawasha kweli? Nikasema kweli. Akakimbilia uani. Akapiga kelele kutoka kule, "Mama! Limewasha?"

Nikasema limewasha.

Akaenda nyuma ya choo. "Na sasa?"

Limewasha, mwanangu.

Baba yake alikuwa anafunga kamba za viatu. Aliinua nyusi. Nikamwambia asiniage kwa nyusi, bado hajaondoka.

Jumapili, 13 Septemba

Sare haimtoshi! Nimemvalisha leo asubuhi, magoti yote nje. Wakati huu wote amekuwa anarefuka mbele ya macho yangu na mimi sikuona. Nikashusha pindo lote. Pale lilipokuwa pindo la zamani kumebaki mstari wa rangi ya mwanzo, bado mpya. Nimepiga pasi, hautoki. Nikaacha. Chiriku anasema ni chokaa yake.

Viatu navyo vinambana vidole. Nilikuwa nimeketi nalitazama tatizo hilo, mara likaja kichwa juu ya ukuta. Mama Pacha. Ameshika jozi ya viatu vyeusi, vimepakwa dawa vinang'aa. Akasema pacha mmoja amevivaa siku mbili tatu akakua, na vinakaa tu bila kazi. Akavishusha kwangu kwa kamba, ili tusisogeleane.

Nilijua nimchukie vipi kwa ile ishara. Sasa kwa viatu sijui nianzie wapi. Vinamtosha kabisa!

Nikamuuliza kama watoto wake wana barakoa. Akasema hilo ndilo linalomkosesha raha. Pacha wake huwatofautisha kwa meno, mmoja ana pengo, mwingine hana. Akiwafunika midomo hajui nani ni nani. Mama mzazi! Nikacheka mpaka nikashikilia ukuta. Naye akacheka. Nikamshonea mbili hapohapo, moja nyekundu ya mwenye pengo, moja ya kijani ya asiye na pengo, nikazirusha juu ya ukuta.

Alisema asante, jirani, Mungu akuzidishie. Halafu akasema kesho nisije nikaruka tena getini.

Hajui kuacha pazuri.

Jumatatu, 14 Septemba

Ndiyo leo.

Tumefika mapema. Chokaa mpya, nyeupe kama maziwa. Ndoo zimepangwa, sabuni zimefungwa kwa kamba zisitembee. Mama Pacha ndani ya mstari. Pacha wake wakaja mbele yake na barakoa zao, wakiwa wameshabadilishana njiani! Nyekundu akapimwa, kijani akapimwa, nyekundu akarudi kwa nyuma akapimwa tena. Mama yao akachanganyikiwa. Akawaamuru washushe barakoa waonyeshe meno. Getini! Mwenye kizibao! Mwalimu Mkuu akaona. Sikusema kitu. Barakoa ilinisitiri, nilikuwa nimetabasamu mpaka masikioni.

Halafu ikawa zamu yetu.

Nilikuwa na mpango, natubu, wa kumwambia Chiriku nimesahau kitu, turudi kidogo. Lakini aliachia mkono wangu mwenyewe. Akavuka. Akageuka, akainua mkono juu, mara moja, akashusha. Mkono ulionyooka! Kisha akaenda. Viatu vya pacha vikigonga saruji, ko, ko, ko, na mdomo ukiwa umeshaanza kumweleza mtoto wa mbele yake kitu fulani.

Hakulia. Hakutazama nyuma.

Nikabaki pale na mkono wangu juu. Nilisahau kuushusha. Nikaushusha kwa kupitia sikioni, nikagusa, hata hakuna aliyekuwa ananiona. Kumbe mlinzi ameniona. Akasimama wima, akagusa sikio lake la kushoto. Akapiga makofi taratibu. Akazunguka. Akapepea kama kuku. Alikuwa ameishika yote siku ile ya Ijumaa, mpaka mshumaa! Akainama, akamaliza kwa sikio, akaniambia niende salama, mama, darasa lako leo ni nyumbani.

Nikaenda. Nilikuwa nacheka na macho yananiwasha. Vumbi.

Nyumba ikawa kubwa. Cherehani ina kelele kumbe, sikuwahi kuisikia. Nikakaa nasubiri sikio. Likawasha! Naapa liliwasha. Huenda nililikuna kwanza, lakini liliwasha.

Saa nne na ushei simu ikalia. Shule. Njoo upesi, mama, kuhusu masikio ya watoto.

Nilikimbia na mkanda wa kupimia nguo shingoni. Pale getini nikakuta wazazi wa darasa zima wamesimama nyuma ya chokaa, kila mtu na presha yake. Watoto wamewekwa kiwanjani, wameketi mbalimbali. Muuguzi anapita na kurunzi, anachungulia sikio la huyu, anakwenda la yule. Mwalimu wa darasa anaeleza. Alikuwa anaandika ubaoni, akageuka, akakuta watoto wote wameshika masikio yao ya kushoto. Wote! Akawauliza yanauma? Wakasema hapana. Akaendelea kuandika, akageuka, wameshika tena. Sasa siku hizi mtu hachezi na dalili asiyoijua, akawatoa nje, akaita Mwalimu Mkuu, na Mwalimu Mkuu akaita kila mtu.

Mimi nikaanza kurudi nyuma. Polepole. Nikakanyaga mguu wa yule baba mnene.

"Mama yangu huyooo!" Chiriku. Barakoa haikuzuia hata herufi. Akasimama, akaueleza umma. Kwamba mwenzake wa dawati alikuwa analia anamtaka mama yake. Kwamba yeye alimwambia aguse sikio, la mama yake litawasha, atajua. Kwamba mwenzake akagusa akanyamaza. Kwamba pacha nao wakataka, na wa nyuma wakataka, na kwamba haya yote ni mama yake mwenyewe aliyeyagundua, yule pale, mwenye mkanda shingoni.

Wazazi wote wakanigeukia. Laiti ardhi ingekuwa na zipu!

Mwalimu Mkuu akanitazama. Muuguzi akazima kurunzi. Akasema masikio yote ni mazima, ila mawili yana nta na moja lina punje ya mchele ya siku nyingi. Nikafikiri sasa wanamfukuza mtoto wangu siku ya kwanza, kwa ajili ya sikio langu.

Ndipo aliposikika Mama Pacha. Alikuwa anatazama chini, anachezea zipu ya kizibao. Akasema yeye masikio yake, yote mawili, yamemwasha asubuhi nzima. Alidhani ni nyuzi za barakoa. Baba mnene akasema hata lake. Mama mmoja nyuma kabisa akaanza kulia na kucheka, akasema la kwake liliwasha akiwa sokoni, akadhani kuna mtu anamsengenya.

Mwalimu Mkuu akageuka pembeni. Mabega yalikuwa yanacheza. Aliporudi alikuwa na uso wa kazi. Akamuuliza mwalimu wa darasa ni watoto wangapi wameendelea kulia baada ya kushika masikio. Mwalimu akafikiri, akasema hakuna. Akamuuliza zamu ya mchana wanatarajia wangapi walie. Mwalimu akasema si chini ya nusu.

Basi ametoa agizo. Kugusa sikio kunaruhusiwa, darasa zima kwa pamoja, mara moja kila asubuhi kabla ya somo la kwanza, baada ya kunawa. Si zaidi. Na mimi, mama Chiriku, nikiwa na wazo lingine lolote kuhusu kuagana, nimpelekee yeye kwanza kabla ya kumpelekea mtoto.

Nimeahidi. Mbele ya watu wote. Mipango basi. Asiyefunzwa na mamaye, mimi nimefunzwa na mwanangu.

Ijumaa, 18 Septemba

Wiki imeisha vizuri. Sijapanga kitu tangu Jumatatu. Naam, karibu sijapanga.

Kila asubuhi mkono juu, mkono chini, anaingia. Kila asubuhi, kidogo baada ya kengele, nasimamisha cherehani na sikio langu linawasha. Mama Pacha ananiambia hata yeye, pale getini, huacha kupima kwa dakika moja. Jana alinipa sabuni. Leo nimempa uzi. Tunaelewana, ukiondoa mambo yake.

Chiriku anasoma. Ameniandikia herufi kwenye vumbi la dirisha, nyingine zimepinda hata sikuzitambua mpaka aliponitamkia. Nimemuuliza leo amegusa sikio mara ngapi. Akasema mara moja, mama, ni sheria, na tena tulikuwa na shughuli nyingi.

Shughuli nyingi!

Mchana huu amerudi, amekula mkate wake, amelala kwenye mkeka pembeni ya cherehani hata kabla sijamvua viatu. Niliinama nimpe sikio, kama kawaida yetu. Nikakuta ameshashika. La kwake mwenyewe.

Sikio langu limekosa kazi. Nikakaa namtazama vile, pua inapuliza, kidole na kidole kwenye sikio dogo, na nilikuwa na furaha kubwa mno na nilikuwa nalia. Baba yake akaingia, akaona. Akaweka sanduku chini bila kulipiga, akaketi karibu yangu. Akaniuliza kwa upole, haya mama Chiriku, umejifunza nini kwa yote haya?

Nikafikiri kwa makini. Nimejifunza.

Maana asubuhi Mwalimu Mkuu ametangaza kwamba zile ndoo zinaisha maji kabla ya zamu ya mchana, na anahitaji mzazi mmoja wa kujitolea awe anazijaza. Tangi liko nyuma ya ofisi. Na ukitaka kutoka kwenye tangi kwenda kwenye ndoo, hata ufanyeje, unapita mbele ya dirisha la darasa la kwanza! Tena ukibeba ndoo ndogo unapita mara nyingi zaidi. Sijamwambia Chiriku neno. Kizibao nimeshajishonea, kwa pazia lililobaki.

Wazazi tunaitwa Jumatatu. Safari hii nitanyoosha mikono miwili. Na mguu, ikibidi.